Gari lilikuwa linatembea, fundi kalifungua likagoma: siri ya viraka kwenye magari ya zamani

Malalamiko haya husikika sana korosho zikishauzwa na watu wakiwa na chochote mfukoni, kuanzia Mtwara mjini na Masasi mpaka Newala na Nachingwea. Mtu amenunua Land Rover la miaka ya sabini mnadani, au amerithi pikapu ya marehemu baba yake. Analiendesha mwenyewe hadi gereji, anaomba lirudishwe liwe kama jipya. Wiki mbili baadaye gari haliwaki, breki hazishiki, na maji yanatoka mahali ambapo hayajawahi kutoka. Hapo maneno yanaanza. Fundi kaiba vifaa. Fundi hajui kazi. Gari lilikuwa zima, yeye ndiye kaliua.

Fundi wabovu wapo, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kingine kabisa. Gari lile lilikuwa limeshikiliwa na viraka, na viraka hivyo kwa miaka mingi vilikuwa vimezoeana. Kimoja kilipotolewa, vingine vyote vikaachia. Asiyelijua hili atagombana na fundi bure, na fundi asiyelijua atapoteza fedha za mteja akitafuta ugonjwa mahali usipo.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Kutengeneza gari ni kuondoa hitilafu moja ili liendelee na kazi. Kulifufua ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, au karibu na hapo, kwa kufungua kila kitu na kukagua kila kitu. Kiraka, kwa maana ya makala hii, ni dawa yoyote iliyowekwa badala ya kifaa halisi: sabuni kwenye tangi, mbao chini ya springi, karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, kipande cha tairi mahali pa bushi (kile kikombe kinachokaa kwenye maungio).

Viraka havina asili moja. Vipo vya njiani, vilivyowekwa ili gari lifike. Vipo vya kukosa spea, vilivyowekwa kwa sababu kifaa hakikupatikana au bei yake haikushikika. Na vipo vya kuficha, vilivyowekwa ili mnunuzi asijue. Huku kusini aina mbili za kwanza ni nyingi mno, na sababu yake inajulikana. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulitegemea kivuko cha Rufiji, na hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka. Masika ikishuka, gari lililokwama Nangurukuru lilikuwa limekwama kweli. Dereva aliyeziba tangi kwa sabuni akafika Lindi na abiria wake hakufanya uhuni, alifanya ufundi. Kosa lilikuja baadaye, pale gari lilipofika salama na kila mtu akasahau kwamba kuna sabuni kwenye tangi.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuiondoa ni ile ya kwamba kila kisicho orijino ni kibaya. Bushi ya shaba iliyokerezwa vizuri inaweza kudumu kuliko ile ya dukani. Dhana ya pili ni ya upande wa pili: "mbona limetembea hivyo miaka kumi?" Miaka kumi haithibitishi kitu kama kiraka chenyewe kilikuwa kinaliwa kidogo kidogo. Kipimo cha kiraka ni maswali matatu. Kinabeba mzigo gani? Kinagusana na nini, petroli, maji ya moto, mafuta ya breki au chumvi? Na kikiachia ghafla, nini kitatokea? Mpira wa tyubu uliofunga mlango usigonge ukikatika, mlango utagonga. Mpira huohuo ukifunga fimbo ya steringi, watu watakufa.

Mfano unaoeleza vizuri namna viraka vinavyobebana ni rejeta. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na ndiyo yanayotiwa kwenye rejeta kwa sababu ndiyo yaliyopo. Ndani yake hujengeka kutu na magadi, mirija inasinyaa, injini inapata joto. Fundi wa kwanza anatoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Joto linapungua kidogo, dereva anashukuru. Baada ya miezi rejeta inaanza kutoboka. Mtu anamimina bizari, au anavunja mayai mawili ndani. Vitundu vinaziba kweli, kwa sababu unga ule na ute wa yai lililoiva hukimbilia palipo na mwanya. Ila mwanya si ule unaovuja tu: mirija iliyosinyaa nayo inazibwa. Joto linarudi, presha inapanda, hozi inapasuka. Mtu wa tatu anatoa raba ya kifuniko cha rejeta ili mvuke upumue. Sasa gari linatembea, linamwaga maji kidogo kidogo, na dumu la lita tano haliondoki chini ya kiti.

Halafu linakuja gereji kufufuliwa. Fundi anaona kifuniko kibovu, anaweka kipya. Jioni hiyohiyo maji yanatoka sehemu tano. Mwenye gari anasema kaharibu. Ukweli ni kwamba kifuniko kipya kimefanya kazi yake. Kifuniko cha rejeta ni kama kile cha sufuria ya presha: kinazuia mvuke hadi kiwango fulani ili maji yasichemke mapema. Chenye alama ya 0.9, yaani presha ya bar 0.9, kinafanya maji yafike karibu nyuzi 119 za Selsiasi kabla ya kuchemka, badala ya 100. Presha hiyo hiyo ndiyo inayosukuma bizari na mayai yatoke kwenye vitundu. Kifuniko hakikutoboa kitu. Kimeonyesha palipokuwa pametoboka.

Dawa yake inaanzia kwenye chanzo cha ugonjwa, si kwenye kiraka cha mwisho. Usianze na kifuniko. Mwaga maji yote, ulisukutue bloku na rejeta kila kimoja peke yake, maji yakipita kinyume cha njia yake ya kawaida na kwa nguvu ndogo, mpaka yatoke meupe. Rejeta ya zamani ya shaba inaweza kufunguliwa tangi la juu kwa kuyeyusha risasi, mirija ikapitishwa ubapa mwembamba mmoja baada ya mwingine, kisha ikaunganishwa tena. Ile ya aluminiamu yenye tangi la plastiki haifanyiwi hivyo. Ikiziba, nunua nyingine. Badilisha hozi zote kwa mkupuo mmoja. Rudisha themostati. Kifuniko ni cha mwisho.

Kuhusu themostati kuna ubishi usiokwisha vijiweni, kwamba nchi yetu ni ya joto hivyo haina kazi. Kazi yake si kuipa injini joto la hewa. Ni kuifikisha haraka kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Injini inayokwenda ikiwa baridi inakula mafuta, inatengeneza tope kwenye oili, na silinda zake zinalika mapema. Kuna injini nyingi, za Toyota zikiwemo, ambazo themostati yake ina kisahani cha pili cha chini kinachofunga njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo ndani bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana wapo waliotoa themostati wakaona joto limezidi. Kabla ya kuirudisha ijaribu: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji baridi isiguse chini, bandika jikoni. Yenye alama ya 82, yaani nyuzi 82, inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa yanatoa mvuke lakini hayajachemka, na yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kama milimita 8. Isiyofunguka ni ya kutupa.

Tuje kwenye breki, na hapa hakuna utani.

Magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, pedali inazama na breki zote zinakwisha. Madereva wa barabara za vumbi walikuwa na dawa: kukunja bomba la gurudumu linalovuja, kulibana kwa plaizi hadi libapate, na kuendelea na magurudumu matatu. Kisayansi inafanya kazi, kwa sababu mafuta hayabanwi. Yakizibiwa njia moja, nguvu inakwenda nyingine. Lakini gari litavuta upande, na kwenye tope au kona ya mteremko wa kushuka kutoka Newala, kuvuta upande ndiko kupinduka.

Ukifungua gari ukakuta bomba lililokunjwa na kupigwa nyundo, usilinyooshe. Chuma kilichokunjwa kimeshachoka, kitapasuka siku utakapokanyaga kwa nguvu zote. Bomba zima libadilishwe, la kipenyo cha milimita 4.75, na ncha zake zipanuliwe kwa kukunjwa mara mbili kwa kifaa chake. Angalia pia kama aliyetangulia hakutumia bomba la friji. Shaba laini ya friji inapindika vizuri na inang'aa, ndiyo maana inawapendeza wengi, lakini mtikisiko wa gari unaifanya iwe ngumu na kupata ufa palepale kwenye nati.

Kisha kagua mafuta yenyewe. Chota kidogo kutoka kwenye kikopo cha breki, yadondoshe kwenye glasi ya maji safi. Mafuta halisi ya breki, DOT 3 au DOT 4, yanachanganyika na maji yanapotea. Yakielea juu kama mafuta ya kula kwenye mchuzi, kuna aliyetia oili ya injini au haidroliki. Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Raba za breki za magari haya zimetengenezwa zikae na mafuta ya breki. Zikigusa oili zinavimba. Dalili ya kwanza ni breki zinazoshika zenyewe baada ya mwendo, ringi za magurudumu zikawa za moto. Hapo hakuna kubahatisha kwa kubadilisha raba moja: toa zote, kuanzia silinda kuu mpaka ya mwisho, pamoja na hozi zote za mpira. Mabomba ya chuma yaoshe kwa spiriti, kamwe si kwa petroli, yakauke kwa upepo, ndipo uweke raba mpya. Wapo pia waliotia maji ya sabuni. Hayavimbishi raba haraka, lakini maji huchemka kwa nyuzi 100 wakati DOT 3 mpya haichemki kabla ya 205. Kwenye mteremko mrefu maji yale yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa. Pedali inakwenda hadi chini bila kushika kitu.

Chini ya gari ndiko kwenye viraka vya kushangaza zaidi, ingawa vingi si vigumu kuvielewa. Gogo la mbao kati ya ekseli na chesesi (fremu ya chuma inayobeba gari) maana yake springi zimelegea au jani limevunjika, na mtu hakutaka chuma kigonge chuma. Majani yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu maana yake klipu zimekatika. Pengine utakuta kipande cha mpingo kimechongwa kikawekwa mahali pa bushi. Mpingo ni mti mzito, hata majini hauelei, na kwa mwendo wa polepole unavumilia, lakini haunyumbuki: kila shimo la barabara linapelekwa moja kwa moja kwenye chesesi. Bushi za tairi, zile zilizokatwa kama soli ya katambuga, zina shida nyingine. Bushi halisi ya raba haitelezi, inajisokota. Tairi lina matabaka ya nyuzi, mengine nyaya za chuma, na nyaya hizo zinakata pini kama msumeno.

Kabla ya kutoa mbao, pima. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka bolti ya katikati ya springi hadi alama moja isiyosogea kwenye chesesi, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, ekseli imerudi nyuma, ndiyo sababu gari lilikuwa linatembea kiubavu kama kaa. Na ukifunga bushi mpya za raba, nati zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, raba inaanza maisha ikiwa imeshasokotwa, na ndani ya miezi michache inachanika. Bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa hivi.

Sabuni kwenye tangi inaeleweka kirahisi: sabuni ya mche huyeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa petroli. Ukiisugua kwenye ufa inaziba siku kadhaa, mpaka mvua au muosha magari atakapoitoa. Hatari haiko kwenye sabuni, iko kwa anayetaka kuliondoa tatizo kwa kuchomelea. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka si petroli ya maji bali mvuke wake ukichanganyika na hewa. Litolewe kwenye gari, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga zaidi ya mara moja, kisha lijazwe maji mpaka karibu na ufa, upande wa ufa ukiwa juu, tundu la kujazia likiwa wazi. Fundi asipofanya hivyo, chukua tangi lako uondoke. Dumu lililofungwa juu ya paa na mpira kushuka kwenye kabureta, nalo maana yake pampu ya mafuta imekufa. Hilo litolewe siku hiyohiyo, maana mpira ukichomoka, petroli inamwagikia eksozi ya moto.

Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara au waya inajulikana na wote, ila wachache wanajua hesabu yake. Unyuzi mmoja wa shaba wa milimita 0.2, ule wa ndani ya waya wa pasi, unakatika kwenye ampea kama 7. Nyuzi kumi zilizosokotwa pamoja hazikatiki kabla waya wa taa haujawaka moto ndani ya dashibodi. Ukikuta kiraka hiki usirudishe fyuzi ukafurahi. Fyuzi ya kwanza iliungua kwa sababu. Tafuta mahali waya unapogusa bodi, na aghalabu ni pale unapopita kwenye tundu la bati lisilo na raba.

Ndani ya injini, kiraka maarufu ni kipande cha kopo la soda nyuma ya beringi ya krankshafti, kuondoa mlio wa kugonga. Bati la kopo lina unene wa kama milimita 0.1. Nafasi ya oili kati ya beringi na krankshafti kwa kawaida ni kati ya milimita 0.03 na 0.08. Maana yake kiraka ni kinene kuliko nafasi nzima ya oili, na kisipotobolewa kinaziba hata tundu la kuipitishia. Mlio unakwisha kwa sababu shafti imebanwa, si kwa sababu imepona. Ikipimwa kwa mikromita na kukutwa imekuwa yai, ni ya kusagwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata. Maranda ya mbao au maganda ya ndizi ndani ya difu (sanduku la gia la ekseli) ni kiraka cha kuficha moja kwa moja; mwaga oili kwenye beseni upitishe vidole, utayahisi.

Nimeiacha bodi mwisho kwa sababu ndiyo yenye uongo mwingi. Huambiwa kwamba Land Rover haliliwi na kutu. Lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao, ndipo mabati mengi ya bodi yakafanywa ya aluminiamu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, ni kweli. Lakini chesesi ni ya chuma, na ukuta wa mbele unaoshika milango ni wa chuma. Vyuma viwili tofauti vikigusana penye unyevu wa chumvi, hewa ya Mikindani na Kilwa inatosha, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe na rangi inavimba malengelenge. Kwa hiyo sumaku, anayoisifu kila dalali, haikusaidii hapa: haishiki puti (lile rojo la kujazia mabonde ya bodi), na haishiki aluminiamu. Tumia nyundo ndogo chini ya chesesi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo, na kilichojazwa saruji kinajibu kama ukuta. Ndiyo, saruji. Inatiwa ndani ya chesesi iliyotoboka, inapakwa rangi nyeusi, na ndani inahifadhi maji. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, chenye unene wake wa karibu milimita 2, ndipo uchomelee bati jipya la unene huohuo, ukiacha matundu ya kutolea maji. Bati lililochomelewa juu ya kutu ni kiraka kipya juu ya kiraka cha zamani.

Mpangilio wa kazi sasa. Kabla spana haijagusa kitu, chukua daftari na kopo la rangi. Kila kiraka kipewe namba kwenye gari na mstari kwenye daftari: kiko wapi, kimetengenezwa kwa nini, kimechukua nafasi ya kifaa gani, na unadhani nini kilivunjika kabla yake. Piga picha. Breki na steringi zitangulie, zote kwa pamoja, bila kujaribu barabarani katikati ya kazi. Zifuate petroli na umeme, kwa ajili ya moto. Ndipo rejeta, springi, na injini. Kuanzia hapo toa kiraka kimoja, weka kifaa chake, endesha kilomita kama 20, kagua kwa tochi, ndipo uende kinachofuata. Vikitolewa vitano kwa siku moja na gari likagoma, hakuna atakayejua ni kipi kilichokuwa kinabeba nini.

Mwenye gari aelezwe haya kabla ya bei kutajwa, asimame pale daftari linapoandikwa, na aone mbao na kopo kwa macho yake. Viraka vilivyotolewa vitiwe kwenye mfuko na namba zake, akabidhiwe pamoja na daftari. Akiliuza gari siku moja, mfuko na daftari viende pamoja na kadi ya gari.